Kaburi la Kwa Meneja

Kopo la rangi nyekundu lilikuwa barazani kwa Bibi, limefunikwa na kipande cha gazeti, na sisi wote tulikuwa tunaangalia kila kitu isipokuwa lile kopo. Mama aliangalia vidole vyake. Mwenyekiti wa mtaa aliangalia angani kama mtu anayesubiri ndege itue. Mimi niliangalia kuku. Musoma nzima inajua kazi ya rangi ile. Wakishakuchorea X ukutani, kilichobaki ni kutafuta watu wa kukubebea kabati.

Fundi rangi mwenyewe alikuwa kijana mpole, amekaa kwenye ngazi za baraza anakunywa uji. Uji wa Bibi. Mtu amekuja kuiandikia nyumba yake kifo, na yeye anamuuliza kama sukari imetosha.

"Imetosha, bibi. Asante."

"Ongeza. Kazi yako ni ya kusimama hiyo."

Nikasema, "Bibi, muulize na kitanda kama anataka, maana leo tunagawa."

Mama akanifinya pajani bila hata kugeuza shingo. Ana kipaji hicho. Fundi rangi akatabasamu kidogo, kisha akakumbuka kilichomleta, akarudisha uso wake ndani ya kikombe.

Nyumba yenyewe ni moja ya nyumba tatu za mameneja wa kiwanda cha kuchambua pamba, pembeni kabisa mwa mji, ukishaiacha Buhare nyuma. Kiwanda kilikufa kabla sijazaliwa. Zilizobaki ni hizo nyumba, mfereji uliokuwa unaleta maji ya ziwa kwenye mitambo, na ng'ambo ya mfereji, godauni refu la bati walimokuwa wanapanga marobota. Nyumba ya tatu haina paa. Ya pili anakaa mzee aliyekuwa dereva wa kiwanda, yeye na mbuzi zake. Ya kwanza, ile kubwa, ndiyo ya Bibi.

Nyumba ya ajabu sana. Ina sehemu ya kuotea moto sebuleni, na dohani ya matofali inatoka juu ya paa. Musoma hii! Sijui huyo meneja alikuwa anaogopa baridi ya wapi. Bibi anawekea kuku wanaotamia humo. Kuna beseni la kuogea la chuma lenye miguu kama ya simba. Nilipokuwa darasa la nne niliwaambia watoto wa Mwisenge kwamba ndimo meneja alikuwaga anachemshia watoto wasumbufu, na nikawatoza embe moja moja ili waje kulichungulia. Halafu kuna mlango wa mbele, mzito, una kitasa cha shaba ambacho Bibi anakisugua kwa majivu mpaka unaweza kujiona pua.

Babu alikuwa mpishi wa meneja. Yeye na Bibi walikaa kwenye chumba cha uani, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba mpishi anapita mlango wa nyuma. Bibi ndiye aliyekuwa anasugua kile kitasa, lakini kukizungusha hapana. Kiwanda kilipofungwa, meneja akapakia vitu vyake, akampa Babu funguo, akamwambia angalia nyumba mpaka nitakaporudi. Hajarudi. Tunaangalia. Babu aliangalia mpaka akafa, tukampeleka kumzika kwao Butiama, na Bibi akaendelea kuangalia.

Wakati fulani baba mdogo alikuja kutoka Mugeta na maneno mengi. Alishamwandalia Bibi chumba kwake, kizuri tu, ukiacha kwamba kimepakana ukuta na zizi la ndama. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, niliingia nyumba hii kwa mlango wa mbele nikiwa nimeshaota mvi. Nitatoka humu kwa mlango huohuo, nimebebwa." Baba mdogo akapanda basi lake la Bunda akarudi kwa ndama wake.

Kwa hiyo siku hiyo hatukuwa tunasubiri matokeo ya mpira. Kama X ingeingia ukutani, Bibi angeenda Mugeta, na mimi nilikuwa najua, na Mama alikuwa anajua, kwamba Bibi wa Mugeta hatakuwa Bibi. Atakuwa mwanamke mzee fulani amekaa kwenye kiti cha watu.

Ofisa aliyemleta fundi rangi alikuwa chini kule kwenye mfereji na msaidizi wake, wanavuta tepu. Kijana wa miwani ya jua na viatu vilivyokuwa vyeupe asubuhi. Mradi wao ni kuufufua mfereji, uchimbwe upya, upanuliwe, maji yaende mashambani. Sisi wote tulishangilia tulipoambiwa kwenye mkutano. Hakuna aliyefikiria kwamba mfereji ukinenepa lazima utaegemea upande mmoja. Upande huu kuna nyumba za mameneja. Upande ule kuna godauni. Ofisa alishasema asubuhi ile, mbele ya wote, kwamba upande huu ndio rahisi, ardhi laini, nyumba zenyewe zimechoka.

"Zimechoka nani amekwambia?" Bibi alimuuliza.

"Bibi, si unaziona?"

"Nakuona na wewe umechoka. Nikuandike?"

Watu walicheka, na yeye alicheka. Lakini tepu iliendelea kutembea.

Ilipanda kutoka kwenye maji, ikapita kwenye majani ambako kenge wanaota jua, ikapita mpapai, na kila ilipopiga hatua Mama alikuwa ananibana paja zaidi kidogo. Majirani walishaanza kujaa. Akina mama wa dagaa, wenzake Mama, waliacha kazi yao godaunini wakavuka kidaraja, wakasimama wamejifunga mikono kifuani. Mzee dereva alikuja na mbuzi mmoja. Unasikia tu ile tepu inavyokwaruza kwenye nyasi.

Halafu ikasimama. Msaidizi alikuwa amefika kwenye kaburi.

Sasa kaburi hili inabidi niliseme vizuri. Liko kati ya mfereji na nyumba ya Bibi, la saruji, limezungushiwa tofali, lina msalaba kwenye kichwa chake. Halina jina. Mtaa mzima unajua ni la mtoto wa meneja. Akina mama wakipita na beseni za dagaa wanapiga ishara ya msalaba. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, jumuiya yetu inazunguka kwenye makaburi ya majumbani, na hili halikosi. Wanaimba, wanasali, Mwenyekiti anatoa neno kuhusu watoto wanaokufa mbali na nchi ya baba zao. Kuna mwaka alilia.

Bibi ndiye kiongozi wa jumuiya. Na mimi, kwa sababu sina adabu na macho yangu hayatulii wakati wa sala, nilishaona kitu. Wakifika kwenye kaburi hilo, Bibi lazima ndala imsumbue. Anainama, anahangaika nayo, na hanyanyuki mpaka waseme amina.

Novemba iliyopita alinituma nilifagie kabla jumuiya haijaja. Nikajifanya padri. Nikafunga kanga yake shingoni, nikainua ufagio, nikaanza kumhubiria yule mtoto wa meneja, kwamba asijali, huko aliko hakuna hesabu za kidato cha tatu. Bibi alikuwa anachambua mchicha. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka mchicha ukamwagika, akakaa chini kwenye majani na kufuta machozi, akaniambia, "Mjukuu wangu, unamhubiria mbwa."

Nikadhani ananitukana. Kumbe ananieleza.

Meneja alikuwa na mbwa, mkubwa, wa rangi ya chai ya maziwa, na alimpenda kuliko kitu chochote upande huu wa ziwa. Nyoka alimuuma pale mferejini. Meneja akaagiza saruji ya kiwanda, akamwambia fundi muashi atengeneze kaburi. Hakusema la nani. Fundi akalitengeneza kama anavyojua makaburi, na msalaba juu. Meneja alipouona msalaba akalia zaidi, akasema ni mzuri, uachwe. Kisha akamtazama Babu. Akamwambia yeye mwenyewe sala zimemtoka kichwani, kwa hiyo Babu asali. Na Babu, mpishi mwenye watoto wanaokula, akavua kofia akasema Baba Yetu yote mbele ya mbwa, na amina.

"Aliona aibu mpaka anakufa," Bibi aliniambia. "Kila mwaka alikuwaga analifagia, anasema labda Mungu atajua alikuwa anamtii bwana wake tu. Watu wakamwona anafagia. Wakaanza kusema ni la mtoto. Siku ya kwanza jumuiya walipokuja kuomba, alitaka kuwaambia. Wakawa wameshapiga magoti."

"Na wewe, Bibi? Unawadanganya?"

Akakunja uso. "Mimi? Nani aliwahi kuniuliza? Siku mtu akiniuliza nitamjibu."

Ndiyo hiyo. Nilikuwa nimekaa na maneno hayo tumboni tangu Novemba, bila kumwambia mtu, na kwangu mimi hiyo ni rekodi.

Ofisa alikuja mpaka pale tepu iliposimama. Akavua miwani. Akalizunguka kaburi. Akamwangalia msaidizi wake, na nikaona kwenye uso wake kwamba hesabu zimeharibika.

"Hili mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza," Mwenyekiti akasema. Ghafla alikuwa amechangamka. "Sikiliza, mura. Hili ni kaburi. Hapa kuna mtu. Na nyie wa serikali si mnajua, kaburi haliguswi mpaka ndugu wapatikane, waje, wakubali. Na huyu ndugu zake wako Ulaya."

Akina mama wakaguna kukubali. Kitu fulani kikapita katikati ya watu, kama upepo. Mama aliniachia paja. Hakuna aliyekuwa amepanga, lakini kila mtu aliona njia papo hapo: kama kaburi lipo, mfereji hauwezi kupita huku. Utaenda upande wa pili. Nyumba ya Bibi itabaki.

Ofisa si mjinga lakini. Aliinama, akapapasa saruji, akatafuta jina. "Halina jina. Halina tarehe. Mimi nitajuaje kama si nyie mmelijenga juzi?"

"Juzi!" Mwenyekiti akapandisha sauti. "Tumesali hapa tangu mimi nikiwa na nywele! Muulize mama mwenyewe. Kiongozi wa jumuiya huyu. Muulize yeyote hapa, hajawahi kusema uongo, hata wa kuuzia kuku. Akisema yeye, imetosha."

Na akanyoosha mkono wake wote, na mkono ule ukaenda moja kwa moja kwa Bibi yangu.

Hapo ndipo jasho liliponitoka mimi ambaye sijawahi kutoka jasho hata mbele ya mwalimu wa nidhamu.

Bibi alishuka ngazi polepole. Watu wakampisha. Akasimama upande mmoja wa kaburi, Ofisa upande mwingine, na kwa mara ya kwanza ndala zake zilikuwa sawa kabisa miguuni.

"Shikamoo tena, bibi," Ofisa akasema, kwa heshima, na heshima yenyewe ilikuwa mbaya kuliko dharau. "Naomba uniambie ukweli tu. Aliyelala hapa ni nani?"

Nilimwangalia. Namjua. Ana namna ya kuvuta mdomo wa chini kabla ya kusema jambo zito, na alikuwa anauvuta. Nikaona anavyoliangalia kaburi, halafu kitasa cha shaba kule juu kinavyowaka kwenye jua, halafu anarudisha macho kwa Ofisa. Alikuwa anaaga. Atasema. Mtu ameuliza, na yeye alishaahidi kwamba akiulizwa atajibu. Atasema mbwa, mbele ya jumuiya yote, na kwa kuwa ni yeye amesema, wataamini wote. Fundi rangi atafunua kopo lake. Mwenyekiti atakumbuka kila chozi. Na Jumapili hakuna mwanamke atakayemsogelea Bibi kwenye benchi.

Nikawaza haraka kuliko nilivyowahi kuwaza kwenye mtihani wowote. Akisema yeye, ni ukweli. Nikisema mimi, ni nini? Mimi ndiye niliyewatangazia wanajumuiya kwamba Askofu anapita barabara yetu, wakafagia mpaka kona na kupika pilau. Mimi ndiye niliyetolewa kwaya kwa kuimba sauti ya mbuzi katikati ya Utukufu. Mtaa huu wote, nikisema kunanyesha, wanatoa mikono nje kwanza.

Bibi akafungua mdomo.

"Ni mbwa, afande!" nikapiga kelele. Nikaweka na saluti. "Mbwa wa meneja. Mkubwa, wa rangi ya chai ya maziwa. Aliumwa na nyoka. Mpigie hata mluzi, atabweka."



Mama mmoja wa dagaa akasema, "Yesu!" na akaficha uso kwenye kanga. Mwenyekiti alitoka alikosimama kama amesukumwa. Sikujua mtu wa umri wake anaweza kuruka tofali.

"Wewe mtoto! Wewe! Mtoto wa watu amelala hapa, malaika wa Mungu, na wewe unamwita mbwa? Mimi nimemlilia huyu! Nimepiga magoti hapa! Kwa hiyo mimi nimepigia mbwa magoti?"

Swali zuri, nilifikiri. Lakini sikujibu, kwa sababu Mama alishanishika sikio na alikuwa analipeleka mahali ambapo sikio halifiki.

"Tusamehe, mkubwa," Mama alimwambia Ofisa, akiwa amenishikilia. Hajui. Mpaka leo hajui. "Huyu ndivyo alivyo. Hata msibani anachekesha."

"Bibi," Ofisa akasema. Alikuwa amechoka sasa, na watu walikuwa wameanza kumsogelea karibu mno. "Wewe unasemaje?"

Bibi aliniangalia. Muda mrefu, mdomo wa chini bado umevutwa. Sikuweza kusoma kitu. Kisha akamgeukia.

"Mtoto ameshasema," akasema. "Mimi sina la kuongeza."

"Umeona!" Mwenyekiti akadakia. "Umeona alivyoumia? Hata kuongea hawezi! Mpaka mnamtoa mama huyu machozi ndiyo muamini?"

Machozi yalikuwepo kweli. Ya nini, sijui.

Ofisa aliangalia kaburi, akaangalia akina mama, akaangalia viatu vyake. Akavaa miwani. "Haya. Basi. Kunja tepu," akamwambia msaidizi. "Tunahamia upande ule."

Nilidhani watu watashangilia. Hawakushangilia. Tuligeuka wote pamoja, na kule ng'ambo ya maji lilikuwa godauni, refu, limekaa tu. Fundi rangi akarudisha kikombe kwa Bibi kwa mikono miwili, akachukua kopo lake, akavuka kidaraja. Tulimwona anafunua gazeti. X ya kwanza aliichora kwenye mlango wa chuma, kubwa, rangi ikawa inachuruzika chini. Ya pili ukutani.

Godauni ndilo lina sakafu. Saruji laini kama sahani, na paa juu. Msimu wa mvua, wakati wenzao wanalia kwamba dagaa zimeoza mchangani, Mama na wenzake wanaanika mle ndani milango ikiwa wazi pande zote mbili. Mama alikuwa ameniachia sikio. Aliangalia ile X kwa muda, mikono imekaa tu. Halafu akasema, kana kwamba anaongea na mtu mwingine, "Afadhali." Akavuka kwenda kugeuza dagaa zake kabla jua halijashuka.

Bibi alinishika mkono mbele ya watu wote, kwa nguvu, akanipandisha ngazi. Nilisikia nyuma yangu wanasema, leo atamtandika, amtandike. Tukaingia kwa mlango wa mbele. Akaufunga. Nikajikunja kabisa, nikangoja.

Hakunitandika. Hakucheka pia. Aliegemea mlango, mkono mmoja kwenye kitasa, akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nasema."

"Najua, Bibi."

"Ulinitangulia."

"Nilisema ukweli."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana sijui nikufanye nini."

Jumuiya ndiyo ilijua. Jumamosi yake walikuja wote, kwa sala maalumu ya kumtuliza marehemu aliyetukanwa, na uamuzi ulishatoka: mimi nipige magoti mbele kabisa na niombe radhi kwa sauti. Mwenyekiti alisimama nyuma yangu kuhakikisha sifanyi vituko. Tofali lilikuwa linanichoma magotini. Ng'ambo, X zilikuwa zimekauka, nyekundu kwelikweli, na akina mama walikuwa wameshaanza kuhamisha vichanja vyao. Nikasikia ndala za Bibi zinakuja. Nikategemea ziende pembeni kama kawaida. Zikaja mpaka pale nilipo, na Bibi akapiga magoti kando yangu, kwa shida, akishika bega langu.

"Sema," Mwenyekiti akaamuru. "Na useme kwa moyo."

Nikamfikiria yule mbwa wa watu, na Babu amevua kofia.

"Samahani sana," nikasema, wote wasikie, "kwa kukuita mbwa."

Amina, wakasema. Mkono wa Bibi ukanibana begani, na nikahisi mwili wake wote unatikisika. Mwenyekiti akamwinamia, akamwambia taratibu, "Pole, mama. Lia tu."